Fundi wa Jua Kali, Ashington

Kwetu waliniita fundi wa jua kali.
Hapa Ashington jua si kali hata kidogo:
Disemba laamka saa mbili na nusu,
saa tisa na nusu limeshaaga,
na katikati ni wingu la rangi ya sufuria.
Bado napanda.

"Kwanza," asema Bi Enid Thirlaway, slipa zake tope tupu,
"nishushie kile cha Wilf."

Kile cha Wilf kiko juu ya banda la njiwa:
kisola cha upana wa sinia,
alichonunua mwaka wa mgomo, themanini na nne,
kwa pesa ya viatu vya watoto.
Wakamcheka. Mchimba makaa
anaomba mwanga mbinguni!
Balbu moja. Mtaa mzima mishumaa,
njiwa wakaona punje zao.

Nakifuta masizi na mavi ya miaka arobaini.
Nagusisha mita, waya mwekundu, waya mweusi.
Namba zinahangaika, zinatulia:
thuluthi mbili ya nguvu bado imo.
Hakikuambiwa mwenyewe amekufa.

"Makaa ni jua lililozikwa," alizoea kusema,
akalikohoa jua hilo mpaka mwisho.

Za leo ni kumi na mbili,
nyeusi kama nyuso za waliotoka zamu ya usiku.
Moja yazishinda ishirini za Wilf,
na jukwaa la kupandia ni ghali kuliko zote.
Callum anazipandisha kama anayehamisha milango;
babu yake alishuka shimo lilelile.

Betri tumeiweka chini ya ngazi, jirani ya mabuti.
Itafunika mchana
kama unavyofunikiwa uji wa mgonjwa.

"Baada ya miaka arobaini je?" Bi Enid auliza.
Namwambia paa zitauziana umeme ukutani kwa ukuta,
magari yataazima nyumba chaji usiku.
Simwambii nisilolijua:
vioo hivi vitazikwa wapi,
na madini ya betri
yamechimbwa kwa mapafu ya nani.

Saa tisa na nusu. Jua hilo, limekwenda.
Birika linachemka kwa mchana wa leo, mdogo, wa kijivu.
Kile cha Wilf amekiegemeza dirishani,
uso nje.
"Hakijaungwa na kitu," namwambia.
"Najua," asema. "Kimezoea tu kutazama."