Futi ya Mchiwa

Waliosema dawa ya moto ni moto
hawakuwahi kuuza sponji.
Mimi nauza. Chumba namba tisa, jengo la mafundi, Nkuhungu,
ambako upepo wa Septemba huingia na vumbi lake
bila hodi, kama shemeji aliyezoea.

Mchiwa ni fundi wa suti, namba tano.
Tulimchagua msimamizi wa moto kikaoni
kwa kuwa alichelewa, na asiyekuwepo hakatai.
Tukacheka. Tukampa kizibao cha rangi ya chungwa, filimbi,
na karatasi ya zimamoto yenye masharti kumi na moja
aliyoibandika ukutani kwa pini za kushonea.

Tukadhani imeisha.

Kumbe mwanamke ana futi kamba shingoni.
Kila asubuhi, kabla hajafunua cherehani,
anapiga magoti koridoni, anapima
toka ukuta mpaka magodoro yangu.
"Mia na kumi, Chilongani. Sharti ni mia na ishirini."
"Kumi tu, dada."
"Kumi ni bega la mtu."

Anaigeuza mitungi myekundu kichwa chini, anaitikisa
unga usigande kama uji wa jana,
anainama kusoma mshale kama upo kwenye kijani.
Mtungi wangu niliutegesha mlangoni, upepo usiubamize mlango.
Aliuondoa. Akaniletea jiwe.
Mlango wa nyuma niliutia kufuli, kwa ajili ya wezi.
Akahamishia kigoda pale kizingitini, hakugomba,
akapindia suruali mbili nzima, upindo hadi upindo,
mpaka nikatoa ufunguo.

Nikampa jina, Bi Sentimita. Wateja wakalidaka.

Siku hiyo umeme ulikatika saa nane.
Ndahani wa namba saba aliacha pasi imelala
juu ya koti la bwana harusi, akaenda kunywa chai.
Umeme uliporudi haukumuuliza mtu.

Sikuona moto. Niliona moshi mweusi ukitembea darini
taratibu, kama mgeni anayetafuta namba ya chumba.
Kisha filimbi, mara tatu, ndefu,
kama walivyofundishwa wenzangu Jumamosi ile ya mazoezi
niliyosema nina msiba Mpwapwa.

Nikakumbuka droo. Mauzo ya wiki.
Nikageuka. Alikuwa koridoni, mtungi kwapani,
akanizuia kwa kiwiko:
"Pesa haina mapafu. Toka."

Tulitoka ishirini na sita kwa mlango wa nyuma,
na zile sentimita kumi nilizomnyima miezi mitatu
(nilizirudisha Jumatatu, kwa hasira, nikisonya)
zilimpitisha Mama Malogo na mjukuu mgongoni.

Penye mashine ya kusaga alituita kwa majina,
sauti imekauka, nyusi zimejaa unga,
akitia alama ukutani kwa chaki ya kitambaa.
Alipofika kwangu nilichelewa kuitika.
Akarudia. Akarudia tena. Hakuruka jina.

Gari la zimamoto lilikuja na king'ora chake
likakuta koti moja, meza moja.
Sajenti aliandika: hakuna madhara.
Jioni redio ikasoma bei ya zabibu na alizeti.
Moto usiowaka hauna mtangazaji.

Binti yangu anaolewa Desemba.
Nimekwenda namba tano kupimwa suti.
Futi ni ileile, ncha imeungua,
moja na mbili hazisomeki, anaanzia tatu.
Inanizunguka kifua.
Nataka kusema neno, nalitafuta, silioni;
naangalia koridoni, peupe mpaka mwisho.

"Umeongezeka sentimita nne," anasema, pini mdomoni.
"Njia haijaongezeka."