Swali la Kumi na Moja

Fomu inauliza, swali la kumi na moja:
*Je, injini imebadilishwa, au imefanyiwa matengenezo makubwa?*
Nafasi ya kujibia haitoshi kidole gumba.

Nianzie wapi, dada mwenye hina vidoleni?
Nianzie Kibarani, Jumamosi ya Shaabani,
nyuma nimepakia sufuria tano za pilau, harusi ya watu,
gari likakohoa mara mbili, likanyamaza,
mvuke ukanifukiza pale barabarani
kama bibi harusi.

Fundi Karisa wa Shimanzi alifungua boneti,
akachovya kidole, akanusa oili,
akasema neno moja: "Imekufa."

Siku ya tatu akaniletea nyingine,
imefungwa waya, bei ya chokaa imefutwa mara mbili.
Imeshuka na meli. Hakuna ajuaye
nani alikuwa akiikanyaga huko, asubuhi, amechelewa kazini.
Ya kwanza ujazo wake elfu moja mia tatu,
hii elfu moja mia tano.
"Utaruka," akasema Karisa, "lakini usiropoke.
Watu wa bima hawainami kutazama chini ya boneti.
Huinama ukishagonga."

Nikacheka. Nikalipa. Nikaruka kweli,
mwinuko wa Daraja la Nyali naupanda na wali wa watu mia mbili.
Miezi saba, gari moja, namba mbili:
ya karatasi na ya chuma.

Kisha Bwana Shekuwe akapigwa ubavuni na lori la kontena, Changamwe.
Walikuja wawili, mmoja na tochi, mmoja na kalamu.
Tochi ikasoma chuma, kalamu ikasoma karatasi.
Havikuelewana.
Mpaka leo husema ni goti linalomuuma.
Mimi najua ni namba.

Basi nimekuja na vyangu.
Risiti ya Karisa, ina doa la grisi na tahajia yake mwenyewe:
"injin moja nzima kabsa".
Picha ya namba, nimeipiga nimelala chali uani Kibokoni.
Na ile ya zamani, mkitaka kuiona, ipo;
kuku anaatamia juu yake,
msije wiki hii.

Msichana anabonyeza kikokotoo.
Shilingi elfu mbili mia tatu na arubaini zaidi.
"Bi Mwanasha, wengi huja baada," anasema,
hasemi baada ya nini.
Nahesabu noti. Naona mchele wangu wa wiki ukiingia kwenye droo.

Mzigo ukanishuka mabegani, nikashika mkoba niondoke.
Akageuza karatasi.
Swali la kumi na mbili:
*Yuko mwingine anayeliendesha gari hili?*

Ng'ambo ya kioo, Barabara ya Nkrumah,
Feruzi, mtoto wa dada yangu, leseni yake "inakuja" tangu mwaka juzi,
amekaa kwenye usukani, dirisha wazi,
anakanyaga mafuta kidogo, anaachia, anakanyaga,
apate tu kuisikia.

Kalamu yao imefungwa mezani kwa uzi.
Uzi wenyewe mfupi.