Paa Lisilo na Mtambaapanya

Bogumiła alikileta ndani ya soksi,
soksi ya sufu, ya mume, kisigino kimetoboka,
akakiweka juu ya meza yangu chini ya ngazi.
Łódź, Februari. Tramu zikipita
bisibisi zangu hutetema ndani ya kopo.

"Kinafifia," akasema. "Kinataka betri.
Mimi naogopa kukifungua."
Ilikuwa wiki ya tatu tangu mazishi.

Nikakipima mkononi: uzito wa sabuni iliyoogewa wiki moja.
Plastiki ya kijivu. Kioo cha kijani kama maji ya mtaro.
Vitufe vinne, na mchoro wa kitufe cha anwani umefutika wote,
kwa maana Ireneusz alikuwa na nyumba za kwenda.
Katikati vishale viwili, juu na chini;
kushoto na kulia hakuna aliyekufikiria.

Alikuwa fundi wa kusawazisha vinanda.
Miaka kumi na sita, mfuko mmoja uma wa kupimia sauti,
mfuko wa pili hiki.
Humu aliandika ghorofa, waya uliolegea,
mbwa anayeuma, mwalimu asiyependa kusemeshwa,
na nani hulipa kwa mtungi wa matango ya siki.
Mali bila daftari, walisema, huisha bila habari.
Daftari lake halikuwa na karatasi.

Sasa sikiliza jinsi kilivyoundwa,
maana hapo ndipo penye kosa langu.
Hakina diski. Hakuna ndani mahali pa kuchonga neno likakaa.
Kila alichoandika kilisimama kwa nguvu za betri mbili
nyembamba kama vidole vya mtoto,
kama maji yanavyosimama kiganjani
mradi usifumbue mkono.
Ukizitoa, kapasita moja, punje ya dengu,
huyashika maji hayo dakika nzima.

Betri mpya nilikuwa nazo, nimezipanga.
Nikahesabu kwa sauti, Bogumiła akihesabu nami.
Nne: nimetoa. Tisa: nimefuta kutu ya springi.
Kumi na tisa nikafunga kifuniko.
Lakini dakika ile ilikuwa ahadi ya mwaka tisini na saba,
na punje nazo huzeeka.

Kikawaka. Kijani, safi, bila haya.
Karibu, kikamwambia,
yeye aliyekifutia vumbi miaka yote ile.
Kikaomba kiguswe kwenye kitovu cha msalaba,
kona hii, kisha kona ile,
ili kijue mkono wa mgeni unaangukia wapi.

Nikaanza kueleza habari za kapasita.
Akainua kiganja: nyamaza.

Akachomoa ile kalamu isiyo wino kutoka ubavuni,
kichwa chake kimetafunwa, meno yanaonekana,
akakiinamisha kifaa chini ya taa yangu ya kulehemu.
Pale chini, kwenye mraba wa kuandikia,
plastiki ilikuwa imechimbika.
Haikuwa mikwaruzo ya ovyo.
Ni mkono uleule, herufi zilezile,
mji mzima umepita kwenye eneo la stempu mbili.

Mashine ilimfundisha kuandika upya akiwa na mvi:
kila herufi kwa mstari mmoja, usiinue mkono.
A ilikuwa paa lisilo na mtambaapanya.
"Hata kwenye friji," akasema, "orodha ya sokoni,
maziwa, unga, aliandika hivyohivyo.
Nilimgombeza. Nikasema, nyumba zako zitaanguka."

Akaitia kalamu kwenye mfereji,
akaupanda, akaushuka.
Juu kwenye kioo ikatokea A,
nzima, na boriti yake.
Akarudia. A. A.
Tramu ikapita, bisibisi zikatetema.

Hela sikuitaja, naye hakuitaja.
Aliziomba betri kuukuu, zile alizozitia yeye.
Nikazifunga kwenye gazeti,
kila moja peke yake, sijui kwa nini,
akazitia ndani ya soksi, upande wa vidole.