Chumvi Isiyo ya Mboga

Ziwa letu halina chumvi.
Mtoto wa Kayenze hulijua hilo kabla ya kujua kuogelea:
unachota, unakunywa, unarudi mchezoni.
Chumvi ilikuwa safari. Babu wa babu yangu
aliifuata hadi Eyasi, akarudi na mzigo kichwani
na miguu ya mtu mwingine.

Yangu naitoa kwenye droo ya pili, chini ya mikasi.
Kichupa cha kioo. Nakivunja shingo kwa pamba.

Saa nane usiku wamemleta Mbuke, muanika dagaa,
mimba ya miezi minane,
uso umeumuka kama unga uliolala na hamira,
ulimi ameuuma. Mama mkwe anasema ni mashetani ya majini.
Sibishani. Namwomba ashike taa.

Gramu nne, polepole.
Dakika ishirini za kidole gumba
kana kwamba nasukuma jabali liondoke barabarani.
"Naungua," anasema Mbuke.
Naam, inaunguza.
Jasho, halafu mikono inaacha kumpiga asiyeonekana.

Kisha kazi yangu, isiyo na hadithi:
kugonga goti.
Goti likiruka, chumvi bado ni rafiki.
Goti likinyamaza, natazama kifua, nahesabu pumzi,
na kalsiamu iko mfukoni
kumfukuza mgeni niliyemkaribisha mwenyewe.

Daktari Bwire anauliza: tumlaze?
Tumlaze, nasema, ila ile dawa ya kulegeza misuli
nitampa nusu; chumvi imeshatangulia.
Kitabuni huo ni mstari mmoja.
Mimi nilifundishwa na mwanamke wa Igogo
aliyechelewa kuvuta pumzi yake kwa saa tatu nzima,
nami nikimpulizia kwa mkono,
nikibadilisha mkono,
mpaka adhana, mpaka wachuuzi wa uji.

Alfajiri. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia nane,
analia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa kabla ya zamu yake.
Mama bado amelala.

Mama mkwe yuko kwenye benchi,
taa ingali inawaka mkononi ingawa umeme umerudi.
Ile ilikuwa dawa gani?
Chumvi, namwambia.
Anatazama ziwa dirishani, ananitazama mimi
kama mtu aliyepunjwa sokoni.
"Chumvi tu?"

Nainama, nagonga.
Goti linaruka.