Birika la Nukta Tatu

Jumapili, kabla ya kengele ya misa ya pili,
mimi tayari nimechuchumaa Kibuye
mbele ya turubai la Wesonga,
mkono ndani ya lundo hadi kwenye kiwiko.
Sitazami. Nasikiliza.
Sufuria ya siku hizi ukiigonga kwa ukucha hukohoa;
ya zamani huitika,
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Mwaka ule nilipata, na si kwa kujisifu
(ni kwa kujisifu):
chupa ya chai ya Kichina, waridi zake bado nyekundu;
kinu cha kusagia nyama, kimekosa mpini tu,
na mpini nikaupata Oile miezi minne baadaye
kwa mtu asiyejua ni wa nini;
sahani sita za bati zenye ukingo wa samawati,
moja ina kovu jeusi enameli iliporuka,
ndiyo ninayolia ugali mimi mwenyewe.

Kanuni zangu ni chache.
Usikisifu chombo mbele ya mwenyewe:
mgema ukimsifia, tembo utalinunua na maji yake.
Shika kwanza usichokitaka, ukigeuzegeuze, ugune.
Ukitaka birika, ulizia karai.
Na ukitajiwa bei, cheka kidogo, si sana,
Wesonga ana watoto.

Lakini siku ile haikuwa Kibuye.
Ilikuwa mnada wa Onyuka, ua wa mabati kule Kondele,
Alhamisi, jua limesimama wima,
makochi yamepangwa kama wagonjwa wanaosubiri daktari,
na Onyuka juu ya kreti ya soda, sauti imemkauka:
"Mia mbili! Na hamsini! Mama wa kitambaa,
umejikuna pua au umeongeza?"
Nilikuwa nimeongeza.
Birika la aluminiamu nzito, la vikombe arobaini,
mdomo umepinda kidogo kushoto,
kifuniko kimefungwa kwa kamba ya kiatu.
Mia mbili na themanini. Moja, mbili, limekwenda.
Nikatoka nimelikumbatia.

Nyumbani nikafungua kamba.
Ndani, majani ya chai.
Yalikuwa bado na unyevu, yameota ukungu mweupe,
na kipande cha tangawizi kilichopondwa.
Chai hii haikuwahi kumiminwa.
Nikaligeuza: kwenye kitako, kwa rangi ya kucha,
nukta tatu na herufi R,
kama tunavyotia alama sote
ili vyombo virudi kutoka matangani.

Nikarudi Kondele kwa miguu.
Onyuka alikuwa anakula ndizi.
"Kodi ya miezi mitatu," alisema.
"Nyalenda, Manyatta, sikumbuki, nyumba ni nyingi.
Mama, hapa tunauza vyombo. Majina hatuuzi."
Akanimegea nusu ya ndizi. Si mtu mbaya.

Jumapili iliyofuata Wesonga akaniinulia kikaangio cha chuma,
cheusi, kizito, kile nilichokitafuta miaka.
"Bei ya kutupa," akasema.
Nikajikuta nauliza: alikitupa nani?
Akanitazama kama niliyemtukania mama.

Huu ni mwaka wa pili ninalo.
Nimelisugua kwa majivu na ganda la ndimu
hadi ubavuni naona uso wangu, umepanuka.
Kitako sikukigusa.
Kukiwa na msiba au harusi,
hata kwa watu nisiowajua vizuri,
mimi wa kwanza kupeleka birika,
na likishaoshwa nalifudikiza kwenye nyasi,
nukta juu,
nakaa karibu, najifanya nahesabu vikombe.

Wanawake hupita.
Mmoja, kule Nyamasaria, alisimama,
akainama, akaigusa ile R kwa kidole,
moyo ukanipanda kooni.
"Rangi gani hii," akauliza, "isiyotoka kwa moto?"
Nikamwambia sijui.
Akaenda kukamua kitambaa chake.