Mimi Si Roboti

Jumatano jioni, Norwich, chumba cha chini kanisani:
kompyuta tisa, watu kumi na wanne,
mabomba ya joto yanaguna kama mtu asiyetaka kuamka.
Kompyuta ni za halmashauri, bado zina vibandiko vya ofisi zilizozichoka.
Ya Mama Nabintu haina kitufe cha A.
Kiling'oka zamani. Pamebaki chunusi ya mpira
ambayo ukiibinya kwa kucha hukubali, mara nyingine.
Jaribu kuandika Kiswahili bila A.
Jaribu mama. Jaribu maji. Jaribu kazi.

Anatoka zamu, kiwanda cha bata mzinga,
vidole vimekufa ganzi tangu saa kumi na moja alfajiri.
Wiki ya kwanza nilimpa simu yangu aguse kioo;
kioo hakikumjua. Akagusa tena.
"Hiki nacho kinataka ngozi ya nani?"
Nikamletea chai. Akakumbatia kikombe
mpaka vidole vikarudi kimoja kimoja, kama wageni waliochelewa.

Mimi si mwalimu. Baba alikuwa fundi redio Uvira;
nilichorithi ni kutoogopa kufungua kifuniko.

Somo la sita: anwani ya barua pepe.
Jina. Nbintu, ikasema skrini.
Akabinya kwa kucha: Naaabintu. Tukafuta mbili.
Tarehe ya kuzaliwa: Januari mosi.
Nusu ya darasa tulizaliwa Januari mosi,
karani wa kambi hakuwa na nafasi ya miezi mingine.
Neno la siri. Akaigeuza kompyuta nisione,
akaandika, kwa kidole kimoja, jina la kitu anachokijua yeye tu.
Mashine ikajibu kwa wino mwekundu: dhaifu.
"Dhaifu?"
Ongeza tarakimu, mama.
Akaongeza, macho yakiwa ukutani, namba ya kadi ya mgao,
tarakimu tisa, miaka kumi na mitatu ya foleni.
Kijani. Imara.

Kisha kikaja kile kisanduku:
thibitisha kwamba wewe si roboti.
Nilimtafsiria, halafu nikatamani ningenyamaza.

Mama huyu amethibitisha kilima alikozaliwa
kwa kuchora njia ya kisimani.
Amethibitisha watoto, kwa mate kwenye pamba.
Ndoa bila cheti. Kifo bila kaburi.
Mbele ya meza sita, za watu sita,
kila mmoja akisema samahani, tuanze tena mwanzo.
"Na huyu naye," akasema, "anauliza kama mimi ni mtu?"

"Anataka uchague picha zenye taa za barabarani."
"Basi?"
"Basi."

Akasogea. Alikishika kipanya kama jiwe la kusagia,
kwa kiganja kizima, akisukuma kwa bega.
Taa. Taa. Hii nguzo tu.
Hii taa, lakini imekatwa.
"Nusu taa ni taa?"
Hata mimi sijui, mama. Hakuna ajuaye.
Akaibonyeza nusu.
Mashine ikazunguka, ikazunguka, ikamkubali.

Dakika mbili. Bila shahidi, bila mkalimani wa kuapishwa.
Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge:
"Miaka kumi na mitatu! Kumbe walitaka taa!"

Barua ya kwanza alimwandikia mdogo wake, Sifa,
aliyebaki kambini, kwenye simu moja ya kaya kumi na moja.
Zamu ya Sifa ni Ijumaa, kama jua limechaji.
Ukucha ulikuwa umeshauma; akaandika hivyo hivyo:
Mdogo wngu. Nimejifunz. Ninkukumbuk.
"Nimsahihishie?" nikauliza.
"Acha. Anajua zinakokaa."

Jumatano iliyofuata jibu lilikuwepo.
Nilisoma juu ya bega lake, nisamehewe:
Dada, umezisahau huku. Nakutumia.
Na chini yake, mstari baada ya mstari,
mpaka salio lilipokwisha, nadhani,
aaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaa
aaaaaaaaaaaaaa