Mkanda wa Nyuma

Kwanza niliizunguka bila kuigusa,
kama mposaji anayejifanya kaja kuulizia njia.
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
saa nne asubuhi, jua limeshapanda boneti.
Premio ya rangi ya fedha. Bwana Kihiyo kaiosha alfajiri,
matairi kayapaka mafuta
yanang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Gari haina kilema, injini yake salama,
imetunzwa na mmama, kazini hadi nyumbani."

Fundi Singano hajibu watu wanaosema kwa vina.
Alitandika boksi, akalala chini ya gari,
tochi mdomoni, akaigonga chesisi kwa bisibisi:
ngo, ngo, ngo,
kisha fu.
"Chumvi," alisema kutoka huko chini.
"Hii ililala Raskazone, karibu na maji."
Kutu ya Tanga ina subira.
Huanza na kisichoonekana, rangi huiachia macho ya mnunuzi.

Dashibodi ilidai kilomita themanini na nne elfu.
Lakini raba ya breki ilikuwa imelika hadi chuma,
upande wa kulia, alama ya mguu
uliokanyaga miaka na miaka.
Namba hurudishwa nyuma. Raba hairudi.

Niliwasha. Sauti ya mwanamke
ikatutamkia jambo kwa Kijapani, kwa adabu nyingi,
na mwanangu Hiza akaitikia, "Marahaba."
Tulicheka sote, na katika kicheko hicho
nikaiona bei ikipanda usoni mwa Bwana Kihiyo.

Mama mkwe, Bi Mwantumu, alikuja na kipimo chake.
Alifungua mlango wa nyuma, akageuka, akaketi kwanza,
kisha akaingiza miguu, mmoja, halafu wa pili,
akiinyanyua kwa mikono kama anayeingiza kuni jikoni.
Nyonga yake haipandi gari refu.
Kila Jumanne na Ijumaa ni Bombo,
na bajaji ikifika kwenye makorongo ya Makorora
huwa anamtaja marehemu mumewe.
Alikaa. Akaegemea. Akafumba macho.
"Hapa pananitosha," alisema,
nami moyoni nilikuwa nimeshanunua.

Milioni tisa na laki nane.
Tulikuwa na tisa na mbili: kiwanja cha Pongwe,
zamu ya Tunu kwenye kijumbe,
na deni ambalo sikumwambia.

Tunu hajui gasketi. Anashona sare za shule.
Alitaka tu kumfunga mama yake mkanda,
akausikia unakwaruza.
Akauvuta. Akaendelea kuuvuta,
mkono hadi bega, kama anayepima kitambaa cha mteja mkorofi,
mpaka mwisho kabisa,
pale ambapo hakuna abiria aliyewahi kuufikisha.
Palikuwa na mstari. Wa kahawia, umenyooka kama pindo,
na chini yake vumbi la tope, laini kama hina.

"Maji yaliingia humu," alisema. "Yakakaa."
Akauweka ule mstari kifuani mwa Hiza,
kupima. Ulimfika shingoni.

Bwana Kihiyo aliyatazama matairi yake.
"Labda mvua za Dar," alisema. Vina vilikuwa vimemwishia.
Singano alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.
"Nyaya," alisema. Basi.

Bei ilishuka bila kusukumwa na mtu.
Tisa. Nane na nusu.
Saba, na hapo ndipo tatizo langu lilipoanza,
maana saba ninazo, na deni linalipika,
na nyaya haziozi siku moja.

Tunu aliuachia mkanda.
Ulirudi polepole, ukikwaruza,
ukaingia ndani na mstari wake.
Alinitazama. Nikamtazama Singano.
Singano akatazama barabarani, muuza kahawa anapita.

Nyuma, Bi Mwantumu bado kafumba macho,
mikono juu ya mkoba wenye kadi ya hospitali.
"Mbona kimya?" aliuliza. "Tunaondoka?"